Salamu Zilizomeza Kiti cha Magurudumu

Sikusimuliwa, nilikuwepo, tena msemaji mkuu nilikuwa mimi. Katika ofisi moja hapa Tukuyu, mama mmoja kutoka kijiji cha Kinyala alikuja kumwombea mumewe kiti cha magurudumu. Kiswahili kilimsumbua, nikajitolea kumsemea. Rungwe nzima nani ananishinda maneno?

Karani akachapa kwenye fomu ya Ekseli, nami nikamwaga salamu, shukrani kwa wakubwa na sifa za migomba ya Kinyala.

“Mzee, fupisha.”

“Wewe andika, kijana. Si nafasi ipo?”

Kiti nikakitaja mwisho, maana kwetu huombi kabla hujasalimu vya kutosha. Karani akahamishia maelezo kwenye kanzidata, akatuma, kisha akafungua ahakikishe. Akashika kichwa.

“Huku inaingia mistari mitatu tu. Imeishia kwenye migomba. Na nikishatuma, siwezi kurekebisha mpaka awamu ijayo ya maombi.”

Foleni ikaangua kicheko. Mama naye akacheka mpaka akafuta machozi kwa khanga. “Ndaga fijo, baba,” akanishukuru, akaondoka.

Ningeilaumu mashine, lakini mashine haikujisifu. Siku hizi nikimwona mama yule sokoni nachepuka.

Na katika haya kitu kimoja nimekitunga: kicheko cha mama. Hakucheka.