Maporomoko ya Shimba Tuliyoyasikia Tu

Tulikuwa wanawake wanne. Mimi, wifi yangu, yaani dada mkubwa wa marehemu mume wangu, niliyekaa naye nyumba moja Kibokoni, binti yangu wa pili, na mwenzake wa kazini, Mtaita akikaa Tononoka, ambaye mumewe alitupeleka kwa gari lake. Majina yao ninayo yote, mpaka ya baba zao, ila siyaandiki. Wengine wangali hai na maneno wanayo.

Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni. Huyo Mtaita ndiye aliyesema, "Jumapili twendeni tukatembee Shimba, mpaka kwenye maporomoko." Nilifurahi nikakosa usingizi. Sisi wa kisiwani maji matamu twayajua ya bomba na ya kisima. Maji yaangukayo yenyewe kutoka juu, bila mtu kufungua kitu, nilikuwa nikiyasikia kwa watu tangu utotoni, na magoti yalikuwa yameshaanza kunisumbua. Nilijua nisipoyaona siku hiyo, basi tena.

Sasa wifi aliposikia "tukatembee", alifahamu kutembea kwetu sisi, kwenda kwa watu. Akashuka ngazi na buibui jipya, anukia udi, viatu vya visigino, na sahani ya mahamri imefunikwa kitambaa.

"Wifi, twaenda msituni," nikamwambia.

"Na huko msituni hakuna wenyewe?"

Langoni tukapewa askari wa wanyama mwenye bunduki, kwa ajili ya ndovu. Akatueleza sharti: twende pamoja, asibaki mtu nyuma, asirudi mtu peke yake. Njia yateremka, nyembamba, mizizi na mawe. Wifi kila baada ya hatua mbili auliza, "Nyumba iko mbali?" Binti yangu alicheka hata akashika mti. Mimi sikucheka. Tukafika pahali maji yakaanza kusikika. Wallahi niliyasikia, yavuma kule chini! Ndipo kisigino cha wifi kikakatika, akakaa juu ya jiwe.

"Vaa malapa yangu," nikamwambia, "mimi nitakwenda pekupeku."

"Nirudi Kibokoni na malapa? Watu wako barazani!"

"Mama, huku hakuna baraza," askari akasema.

"Kwani mimi nalala huku?"

Nikamwomba askari aniache niteremke kidogo tu, nichungulie. Akakataa, na kazi yake ndiyo hiyo. Nikambembeleza wifi kama mtoto mdogo. "Maji ni maji," akanijibu, akafunua sahani akampa askari hamri. "Shika, mwanangu, naona mwenyeji ni wewe."

Tukarudi sote. Kushuka hakuweza, lakini kwa kupanda miguu alikuwa nayo!

Na kilichonichoma zaidi kilikuja baadaye. Kila mgeni aliyeingia nyumbani, wifi alimhadithia maporomoko: yalivyo meupe, manyunyu yalivyomlowesha buibui. Mgeni akinigeukia, "Ati kweli?" Mbele ya mkubwa wa mume wangu ningesema nini? Nilikuwa namimina kahawa. Hata wajukuu wamekua wakijua tuliyaona.

Binti yangu asema hakikukatika kisigino, ilikuwa kamba ya kiatu. Huenda. Aliyekuwapo na anisahihishe hilo na mengineyo, nitapokea. Lakini asije akaniambia kwamba tulifika.