Bastola Aliyoiomba Mume Wangu

Wa kwanza kulitamka neno bunduki nyumbani kwetu nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili mtu asidhani namsingizia mume wangu. Tulikuwa mezani, chai imepoa, mimi nalia. Nikamwambia, "Baba watoto, tafuta bunduki. Sijui utaitoa wapi, lakini tafuta."

Mchana huo jirani yetu alikuwa ameingiliwa na wezi. Ni mama mstaafu, zamani alikuwa muuguzi, anakaa peke yake nyumba ya tatu kutoka kwetu. Saa nane, jua likiwaka, vijana wawili waliovaa vizuri walibisha geti wakasema wamekuja kuangalia mita ya stima. Akawafungulia. Walimfunga kwa leso zake mwenyewe, wakakaa mle ndani saa nzima wakichagua vitu, mpaka wakajikaangia mayai. Mimi ndiye niliyempata nilipompelekea sukuma wiki. Mkono mmoja ulikuwa umevunjika, na badala ya kulia alikuwa ananiuliza, kwa upole kabisa, kama wamezima jiko. Ule upole wake ndio ulionimaliza.

Tunakaa mbele ya Kisaju, ndani kidogo kutoka barabara ya Namanga. Tulihama kutoka Nyandarua tukajenga hapa kwa sababu nafasi ilikuwa tele, na kwa mtu aliyekulia kwenye vishamba vya kubanana, nafasi ni kitu cha kumpumbaza. Tulipiga ukuta wa mawe pande tatu. Upande wa nne, unaotazama mbuga, tuliweka waya tu. Tukasema tutaumalizia.

Baada ya siku ile nilianza kuogopa mchana. Usiku mume wangu yuko, mbwa wako, taa zinawaka. Mchana nilikuwa peke yangu, wasichana wetu wawili wakiwa shule, na kila geti likigongwa nilikimbilia bafuni na simu mkononi. Jamaa wa gesi aligonga nusu saa nzima siku moja, mimi nimekaa juu ya ndoo nimeshika pumzi. Akapiga simu, ikalia mkononi mwangu, nikaizima. Siku hiyo tulipika kwa makaa.

Mume wangu anauza saruji na mabati Kitengela. Ni mtu mzuri, na sisemi hivyo kwa kulazimishwa. Kanisani ndiye anayebeba viti vya wazee. Watoto wakiugua, yeye ndiye anayekesha. Ila hasira zake ziko karibu. Kuna siku kitasa cha bafu kilikwama. Badala ya kutafuta bisibisi aliuvunja mlango mzima kwa mateke, kisha akatoka akiwa mtulivu, akauliza taulo iko wapi. Miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kuniinulia mkono. Hilo nililiona kuwa linatosha.

Basi akaanza kufuatilia leseni. Alama za vidole, cheti cha tabia njema, daktari wa kumpima akili, barua hii na ile. Kila jioni alinieleza amefika wapi. "Bastola ndogo tu," alisema akijigusa kiunoni. "Inakaa hapa. Hakuna mtu atajua." Nami, haki, nilifarijika. Nilianza hata kufungulia watu geti, kana kwamba bastola imeshafika.

Kisha kiangazi kikakaza. Mbuga ikawa vumbi tupu, na kitu pekee cha kijani upande ule kilikuwa shamba letu dogo la mahindi na majani ya nepia, tunalolimwagilia maji ya kisima. Jumamosi moja asubuhi ng'ombe sita walilalia ule waya mpaka ukalala chini, wakaingia. Mchungaji hakuonekana. Mimi nilikuwa naanika nguo. Nilimwona mume wangu akitoka stoo na panga, nikafikiri anaenda kuwatisha. Watano walikimbia. Wa sita, jike mwekundu aliyekonda mbavu nje, alikuwa amechoka mno, akabaki akitafuna. Mume wangu alimkata mguu wa nyuma, juu ya kwato, mara mbili.

Sijawahi kusikia ng'ombe akilia vile. Lakini kilichoniganda kichwani ni uso wa mume wangu. Haukuwa na hasira tena. Alikuwa kama mtu anayepasua kuni. Alikuja kwenye bomba, akaosha panga, akaosha mikono kwa sabuni ya kufulia, akaniuliza, "Mchana tunakula nini?"

Nikajibu, "Githeri." Nikarudi kuanika nguo.

Ng'ombe aliburutwa na wenyewe jioni. Hawakusema neno, na huko kutosema kulitutia hofu kuliko matusi. Siku mbili tulijifungia. Jumatatu wasichana hawakwenda shule. Mume wangu hakwenda dukani. Alikuwa akitembea kutoka dirisha hili hadi lile akiniambia watakuja wengi, watakuja na mikuki, unaona sasa kwa nini nilikuwa nahimiza ile karatasi ya leseni. Na mimi niliona. 

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, nilikuwa jikoni na mama anayetuletea maziwa. Ni Mmaasai, mtu mzima, mimi humwita yeyo, yaani mama kwa lugha yake. Huyo hakuacha kuja hata siku moja, na kila asubuhi ni yeye huanza salamu, "Takwenya," nami namjibu, "Iko." Tukasikia mume wangu akifoka nje. Tulipochungulia, wazee watatu walikuwa wamesimama nje ya geti la vyuma. Wawili walikuwa wameegemea fimbo. Wa katikati alikuwa ameshika fungu la nyasi mbichi, amelinyanyua kifuani.

Mume wangu alikuwa upande wa ndani, panga mkononi. "Mnakuja kunionyesha nyasi?" alikuwa anasema. "Ati shamba langu ni malisho yenu, ndio mnataka kuniambia? Mnanichekelea kwangu?"

 Yule mzee wa katikati aliinua tu zile nyasi juu kidogo.

Yeyo alinishika kiwiko. "Mama, mwambie awache. Hiyo nyasi ni amani. Mtu akishika nyasi hauwezi kumpiga, hata kama ameua ndugu yako. Wamekuja kuongea."

Sijui walitoa wapi nyasi mbichi kiangazi kile. Labda walitembea kutoka mbali kuzitafuta. Nilitoka na viatu vya ndani, nikakimbia mpaka getini, na nilipofika karibu nikamsikia mume wangu akisema kwa sauti ya chini, si kwao, si kwangu, akijisemea tu: "Ningekuwa nayo leo, wangelala hapo hapo."

Nilifungua geti mimi. Komeo lilinishinda mara mbili. Wazee waliingia, wakaketi kivulini chini ya tangi la maji, na kwa saa mbili mambo yakaisha. Walisema ng'ombe waliingia kwa makosa na mchungaji ameshaadhibiwa. Walisema pia jike yule amechinjwa, na alikuwa na mimba. Mume wangu akakubali kununua mtamba wa kuwalipa. Alipoelezwa maana ya zile nyasi aliinamisha kichwa, kisha akacheka, akaomba msamaha, akawamiminia chai mwenyewe. Wakaondoka wakimpenda. Watu humpenda haraka.

Jioni aliwasimulia wasichana kana kwamba ni kichekesho, jinsi baba yao alivyodhani anachekwa. Wakacheka. Mimi nilikuwa nahesabu. Wazee watatu. Geti limefungwa, yeye yuko ndani, hakuna aliyemgusa. Panga linahitaji mtu afungue geti. Bastola haihitaji.

Tangu hapo hofu yangu ilihama. Wezi sikuacha kuwaogopa, sitaki kudanganya. Lakini sasa nilikuwa nikisikia gari lake likiingia, naangalia kwanza anavyofunga mlango wa gari.

Nilijaribu kumzuia. Nikamwambia watoto wataipata. Akaleta sanduku la chuma lenye namba za siri, akalipigilia ukutani ndani ya kabati letu, kando ya magauni yangu. Nikamwambia wezi wakijua tuko nayo watakuja kuitafuta. Akasema hawatajua. Nikamwambia Mkristo hakai na chombo cha kuua. Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Si wewe ndio ulisema nitafute? Si ulilia hapa?"

Ni kweli, nililia. Na ile sababu yenyewe, ile ya jike mwekundu, sikuweza kuitoa mdomoni. Nilikuwa nikiianza kichwani, *nakuogopa*, kisha namuuliza kama aongezewe chai. Mume unamwambiaje? Na ukishamwambia, unalala wapi?

Kisha watu wa leseni wakasema lazima waongee na mke. Tukaenda Kajiado Jumatano moja. Yeye alivaa suti. Waliniita peke yangu chumba cha ndani, nikakuta afisa mwanamke wa rika langu, faili yetu iko mbele yake, nene. Aliniuliza watoto ni wangapi, tunakaa wapi, mume anakunywa? Hanywi. Amewahi kukupiga? Hajawahi. Akawa anaandika, hata haniangalii. Nikaona tumefika mwisho.

"Na wewe mama, uko sawa hiyo bastola ikae kwa nyumba yenu?"

 Kupitia mlango nilikuwa namsikia mume wangu akipiga hadithi na askari wa zamu, wanacheka. Afisa akaweka kalamu chini.

"Hii ya hapa haitoki nje," akasema.

"Afande, kama inaweza kutoka, niambie sasa, nikujibu vingine."

"Haitoki."

Nikamwambia sitaki. Akauliza sababu. Nilikuwa nimejipanga kumweleza mambo ya ng'ombe na wazee na nyasi, lakini nilichosema ni hiki: "Niko na wasichana wawili, na mimi mdomo wangu hauna breki. Nikikasirika nasema yote. Sasa hivi nasema na bado niko hai."

Hakushangaa. Nadhani hilo ndilo lililonitisha kuliko yote, kwamba hakushangaa hata kidogo. Aliandika mstari mmoja, akafunga faili.

Kwenye gari mume wangu aliniuliza nimeulizwa nini. Nikasema watoto, pombe, mambo hayo. "Na ukawaambia?" Nikasema, "Nimewaambia wewe ni mtu mzuri." Akanishika shingo kwa nyuma, kwa mahaba, kama anavyofanya akifurahi, akaendesha hivyo kwa mkono mmoja mpaka karibu Isinya. Sikusogea.

Barua ya kukataliwa ilikuja miezi mitatu baadaye. Haikutaja sababu. Ukuta wa upande wa nne tumeshaumaliza, na lile sanduku la chuma bado liko kabatini, tupu. Hasomi vitabu, kwa hiyo haya ninayoyaandika hatayaona, nami namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini hakuisahau ile barua. Anajua kuna mtu alimharibia, na kila baada ya siku chache, tukiwa mezani, anarudi kumtafuta. Alianza na wale wazee. Akaja kwa mwenzake wa biashara kule Kitengela. Sasa amefika kwa yule jirani muuguzi, maskini, eti aliulizwa akasema vibaya. Mimi namtetea jirani kwa uangalifu, maneno machache, nisionekane najua kitu.

Wiki iliyopita alisema siku akimjua mtu huyo, atajuta kuzaliwa. Binti yetu mdogo akamuuliza, "Utamfanya nini, Baba?"

Alitafuna kwanza, akameza. "Wewe kula," akamwambia, kwa upole kabisa, kisha akasukuma sahani yake upande wangu nimwongezee.