Bastola Huwekwa Mezani

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa bastola hata moja. Nilipewa ufagio na kitambaa, nikaonyeshwa chumba cha nyuma kilichojaa harufu ya mafuta ya mashine, nikaambiwa nisafishe mpaka sakafu ionekane. Nilikuwa nimemfuata mke wangu Birmingham, yeye nesi, mimi fundi wa baiskeli kutoka Nakuru niliyejiona ninajua vyuma. Duka lilikuwa la bunduki za upepo na vifaa vya kulengea shabaha. Nyumbani niliwaambia nimepata kazi ya vipuri. Mama yangu alikuwa mlokole, na ningemwambia nauza bastola angefunga na kuomba mpaka nirudi Kenya.

Kabla ya kufunga, Fundi Mkuu aliniita mezani. Alikuwa Mwingereza mzee, mzaliwa wa mji huu ambao umetengeneza bunduki tangu enzi za mababu zao, na maneno yake yalikuwa machache kama vile anayalipia. Alichukua bastola, akaifungua, akachungulia ndani ya mtutu, akanionyesha nami nichungulie. Kisha akailaza juu ya kitambaa cha kijani, ikiwa wazi, mdomo wake ukielekea ukutani. Nilinyoosha mkono nikidhani atanipa.

"Hapa hatupeani mkononi," alisema. "Mimi naiweka chini. Wewe ukiitaka, unaiokota mwenyewe. Usipoitaka, inabaki hapo."

Niliuliza sababu. Alisema watu wawili wakipeana bastola, kila mmoja hudhani mwenzake ameshahakikisha haina kitu. Nimefanya kazi ile mpaka nikazeeka, na sijawahi kumkabidhi mtu bastola mkononi, awe mteja, awe bosi.

Ninyi vijana wa nyumbani Kenya mnaniuliza kila siku kama Uingereza watu wananunua bastola dukani. Wacha niwaeleze vizuri msije mkapotosha wengine. Bastola za baruti, zile mnazoziona kwenye sinema, mtu wa kawaida hapa haruhusiwi kuwa nazo. Sisi tuliuza za upepo, kwa mtu mzima, ana kwa ana, na nguvu zake zina mpaka wa kisheria. Unaibeba ikiwa tupu ndani ya mkoba wake, na nyumbani unaifungia mahali mtoto hafiki. Lakini msidanganyike kwamba ni kitu cha kuchezea. Risasi yake ni ndogo kama punje ya dengu, na jicho inalitoboa.

Nilikaa miaka mingi kwenye meza ya ufundi, nikibadilisha springi na ile mipira midogo inayozuia hewa isivuje, kabla sijapelekwa mbele kuhudumia wateja. Huko ndiko nilikojifunza kwamba mteja mwenye pesa kidogo ndiye anayeponzwa na macho. Anapenda ile nyeusi inayofanana na ya polisi. Hiyo mara nyingi hutumia kichupa cha gesi. Bei yake ni ndogo siku ya kwanza, halafu kila wiki unarudi kununua gesi, na siku ya baridi inapoteza nguvu. Ya springi haina gharama, ila inaruka mkononi kabla risasi haijatoka, na anayeanza anakata tamaa. Kwa mtu wa kulenga karatasi, tena asiye na kitu, mimi nilimwambia atafute ya pampu iliyotumika. Unafungua mkono wake wa pembeni, unaufunga mara moja, hewa imeingia, unapiga. Haina sura. Lakini imetulia, na mipira yake ikichakaa hata mimi nakubadilishia.

Jambo la pili ni mpini. Mpini mnene kwenye mkono mwembamba unakufanya ukaze vidole, na ukikaza vidole unausukuma mtutu, risasi zinaenda kushoto. Watu wanalaumu macho yao bure. Shika kwanza, lenga ukutani, funga macho, fungua. Kama bado unaona pale ulipolenga, hiyo ni yako.

Fundi Mkuu alistaafu, akaja Meneja, kijana mzuri mwenye haraka. Ni wakati wake ndipo alipokuja Neema.

Neema ni binti wa Kikongo aliyeletwa Birmingham akiwa mdogo. Alikuwa anasoma chuo kikuu, na Jumamosi anauza nguo dukani Stratford Road. Aliniambia kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia vizuri lakini kukijibu ni shida, kwamba amechaguliwa kwenye timu ya shabaha. Bastola ya klabu ilikuwa kubwa kwake na alitaka yake. Nilimlazia tatu juu ya kitambaa. Aliishika ile ya pampu, mbaya ya sura, kuukuu, akafumba macho, akafumbua, akatabasamu. Nikajua tumemaliza.

"Kwenu wanajua?" nilimuuliza.

Tabasamu likaondoka. Alisema baba yake ameapa kwamba silaha ikivuka mlango wake, yeye Neema atatoka kupitia mlango huohuo. Mama alikuwa amefariki. Nyumbani walibaki wawili tu, yeye na baba yake. Alikuwa amepanga kuificha chumbani.

Meneja alinivuta pembeni. "Ana miaka inayotakiwa. Muuzie."

"Sheria inamruhusu," nilimwambia, "lakini bastola iliyofichwa chini ya kitanda sitaiuza mimi. Muuzie wewe."

Hakumuuzia. Niliiweka bastola kando, nikamwambia Neema: "Mlete baba. Akikataa, amekataa mbele yetu sote." Alilia. Haki, sikulala vizuri wiki ile, nikijiona mzee anayejiingiza kwenye mambo ya watu.

Walikuja. Papa Neema alikuwa mwanamume mrefu, mhudumu wa wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, amevaa koti la kanisani. Hakuvuka kizingiti. Alisimama mlangoni, mabasi yakipita nyuma yake, akanisalimia kwa heshima, halafu akasema: "Muzee, minakuheshimu. Lakini ile kintu haitaingia mu nyumba yangu."

"Sijakuita uinunue, Papa Neema," nilijibu. "Nimekuita uione."

Niliifungua, nikachungulia, nikailaza juu ya kitambaa, mdomo ukutani. Nikarudi nyuma hatua moja, kama nilivyofundishwa. Alibaki mlangoni akinitazama. Nadhani alikuwa anangoja niichukue nimpe. Mwishowe akaingia, akasogea mezani, mikono yake ikiwa mgongoni.

"Unaniwekea tu hapa?"

"Hapa hatupeani mkononi. Ukitaka unaiokota. Usipotaka inabaki."

Neema alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Baba yake alianza kusema, na hakuwa anasema na mimi tena, alikuwa anasema na mtoto wake.

"Mimi hawakuniuliza. Nilikuwa na miaka kama kumi na tatu. Walikuya ku kijiji, wakanitia bunduki mu mikono, wakasema tembea. Sikukuambiaka, Neema. Hata mama yako sikumwambiaka yote."

Neema alimjibu kwa Kiswahili. Neno moja tu, "Baba." Mimi niliangalia kitambaa changu cha kijani. Niliumia, siwafichi, niliumia kabisa. Hata Meneja aliacha kompyuta yake.

Papa Neema hakuiokota. Aliniuliza: "Inaweza kuua?"

Ningeweza kumfariji kwa uongo. "Inaweza kuumiza vibaya," nilisema. "Ndiyo maana inafunguliwa kwanza."

"Nionyeshe vile inafunguliwa."

Nilimwonyesha, na nikamwonyesha tena. Akachungulia mtutu mtupu kwa muda, mikono bado mgongoni. Kisha akaweka masharti yake kwa sauti ya mzazi. Neema akirudi kutoka mazoezini ataifungua mezani jikoni na kuilaza juu ya kitambaa. Yeye baba atachungulia. Itafungiwa kwenye sanduku la chuma, na ufunguo utakaa kwake. Neema alikubali kabla hajamaliza kusema. Nikawapa na kitambaa kimoja cha kijani, bure.

Niliendelea na kazi mpaka mikono yangu ikaanza kutetemeka. Mtu anayetetemeka hafai kufunga springi, nikamwambia Meneja imetosha. Siku hizi nakaa nyumbani Sparkhill, mtaa wa hapahapa Birmingham, mke wangu ananiambia ninazunguka jiko kama mkaguzi. Wateja ninawakumbuka kidogo. Ninachokikumbuka sana ni ile hatua moja ya kurudi nyuma baada ya kuilaza, nikimwachia mtu uamuzi wake. Sijui kazi nyingine iliyonifunza hivyo.

Siku moja, nikiwa nimeshastaafu, klabu ya Neema walinialika. Nilikuwa nimesikia kwamba baba yake ndiye anayempeleka kwa gari, anabeba mkoba mpaka ndani, halafu anakaa kwenye kiti cha nyuma kabisa akiuangalia mlango, akiwapa wapigaji mgongo. Miezi mingi alikaa hivyo, anasoma Biblia yake, hageuki.

Nilipoingia nilimkuta. Kiti kilikuwa kimegeuzwa. Biblia ilikuwa imefungwa juu ya magoti, na macho yake yalikuwa kwenye karatasi ya shabaha ya binti yake. Nilikaa kando yake. Neema alipiga, akapumua, akapiga tena.

"Muzee," alininong'oneza, "zinaenda ku kushoto. Ni ule mpini?"

"Si mpini," nilimwambia. "Mtoto amejua leo unamtazama."

Alisogeza kiti mbele kidogo.

"Basi," alisema, "atazoea."