Mashine Mpya, Sauti Ileile

Juzi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la ofisi moja ya serikali Mji Mkongwe, nangoja barua ya mafunzo ya kazi, nikaiona kwa macho yangu mashine mpya ya kufumba ujumbe! Unaandika maneno, yanageuka vurugu la herufi, na wa kuyasoma ni mwenye ufunguo tu. Moyo ulinidunda kwa furaha. Na sisi tumo!

Ofisa akakinga kioo kwa kiganja, akaandika, akabonyeza. Kisha akaona si adabu kumpelekea mkubwa wake ujumbe mkavu bila salamu. Akachukua simu ya kawaida.

“Shikamoo, Bwana. Nshakutumia kwenye mashine. Hujaufungua? Basi nnakwambia: lori za mchanga wa wizi tunazikamata Kiwengwa, kesho alfajiri.”

Benchi zima tulisikia. Mwanamme mmoja, suruali mchanga mtupu mpaka magotini, akanyanyuka pole pole. Alipofika mlangoni akatoka mbio.

“Ami, siri umeshaitangaza!” nikapiga kelele.

“Tulia, binti,” akanijibu, anaipapasa mashine. “Hii haiingiliki.”

Alfajiri ile askari walifika. Shoga yangu wa Kiwengwa kanambia walikuta shimo jipya kwenye shamba la mihogo la mama yake, na lori hata moja hakuna.

Mimi nazitaka mashine hizi kila ofisi, tena leo! Lakini anayekabidhiwa aambiwe mapema kwamba heshima kwa mkubwa inaishia kwenye marahaba.