Darubini Niliyoiangusha Nikanyamaza

Siku ile naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nyumbani kwetu Runazi. Baba alikuwa msasi mwenye kibali. Nyati wakitoka porini na kuingia kwenye mihogo ya watu, anaitwa yeye. Bunduki yake ilikuwa na vile vyuma viwili tu vya kulengea, kimoja nyuma, kingine kwenye ncha ya mtutu. Mjomba akamletea darubini kutoka Mwanza, akaifunga juu yake. Baba aliifurahia kama mtoto aliyenunuliwa viatu.

Asubuhi hiyo alikuwa ameisafisha bunduki, haina risasi, akaiegemeza ukutani akaenda kunawa. Mimi nafagia. Ufagio ukaigusa, ikaanguka, darubini ikatangulia sakafuni. Nikachungulia: kioo kizima, mbuzi wa jirani kule ng'ambo nawaona mpaka ndevu. Nikairudisha ukutani, nikanyamaza. Si haijavunjika?

Siku mbili baadaye akaitwa. Alilenga bega, risasi ikampata nyati pajani. Nyati akageuka, akamjia. Namshukuru Mungu, darubini ilifungwa kwa kuinuliwa kidogo, chini yake pana nafasi ya kuonea. Baba akalenga kwa vyuma vyake vya zamani, nyati akaanguka hatua chache mbele yake.

Jioni hakula, akamwambia mama:

"Mama Stella, macho yangu yamekwisha. Kesho narudisha kibali."

"Yamekwisha? Wewe unayeona nyama moja ikipungua kwenye sufuria?"

Hakucheka. Tukaanza rozari, mimi nikaiacha katikati. Mzee wa watu anaacha kazi yake kwa kosa langu! Nikapiga magoti mbele yake.

"Baba, nisamehe. Macho yako ni mazima. Bunduki niliiangusha mimi, nilipokuwa nafagia."

Hakunipiga. Kesho yake aliweka boga juu ya kichuguu, akaniita nitazame. Kwa darubini, risasi zote zilipita kushoto. Kwa vile vyuma, mara moja tu, boga likapasuka.

"Chuma kikipinda nakiona, binti yangu," akasema. "Hiki kioo kinaharibika ndani huku nje kinang'aa. Aliyejua ni wewe peke yako, na ukaniacha niende nacho kwa nyati."

Akaifungua darubini, akaiweka kabatini. Aliwinda kwa vyuma vyake mpaka alipozeeka kweli.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiazima pikipiki ya mwenzako ukaanguka nayo, mwambie, hata kama taa inawaka na injini inanguruma vizuri. Usiseme mbona inatembea. Wewe unarudisha na kwenda kulala, yeye ndiye ataipanda kwenye mteremko. Aibu ya kusema ni ya jioni moja tu. Mimi ile ya kunyamaza ninayo bado, na baba alishanisamehe.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri. Na siku utakapokiri, akukutanishe na mtu mwenye moyo kama wa baba yangu.