Fundi anayefurahi vifaa vikirudi vimevunjika

Saa mbili asubuhi, na chai yake bado haijaguswa. Katika karakana iliyo nyuma ya ofisi za Akademia ya Sayansi ya Kanda, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi anainamia sanduku la mbao, anafungua komeo na kuchungulia ndani. Balbu imeungua. Waya zimekatika. Lenzi ina ufa.

"Hawa wamesoma," anasema, uso wote ukitabasamu.

Wenzake humwita Mama Springi, kwa kuwa springi zote za kupimia uzito zinazotoka hapa huzisokota yeye. Kazi yake ni kuunda masanduku ya vifaa vya sayansi ambayo akademia huzipelekea shule zisizo na maabara, kisha kuyakarabati yanaporudi mwisho wa muhula. Fundi gani huombea kazi yake iharibiwe? Huyu hapa.

Ana sababu zake. "Mimi nimechora betri miaka minne," anaeleza. "Mwalimu alichora ubaoni, na sisi tukachora. Mtihani nilifaulu, maana mtihani nao ulitaka mchoro. Betri yenyewe nimekuja kuishika nimeshaolewa."

Ufundi aliurithi kwa marehemu baba yake, aliyekuwa akitengeneza mizani sokoni. Akademia ilipotafuta mtu wa karakana, alikwenda na koleo za mzee huyo mkobani.

Lakini masanduku arobaini ya kwanza nusura yamtoe kazini. Yalirudi karibu yote yaking'aa, mengine yakiwa bado kwenye nailoni zake. Mkurugenzi wa miradi hakumficha: muhula unaofuata yakirudi hivyo tena, karakana itafungwa na fedha zitatumika kuchapisha vitabu.

"Michoro tena," anasema Mama Springi. "Siku hiyo nililia, sikufichi."

Kosa lilikuwa juu ya vifuniko, kwa rangi nyekundu aliyoipaka mwenyewe kwa maagizo ya ofisi: MALI YA AKADEMIA. ITUNZWE.

"Tuliwaambia waitunze, wakaitunza. Walimu hawana lawama, wanajua kusoma."

Aliyeitunza kuliko wote alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, mkuu wa shule moja kati ya hizo. Mama Springi alipomtembelea, alilikuta sanduku ndani ya kabati la ofisi, limefungiwa kwa ufunguo pamoja na kombe la michezo na glasi za wageni.

"Wifi, hata wewe?"

"Hata mimi nini? Kitunze kidumu."

"Kidumu mpaka lini, mpaka watoto waote mvi?"

"Wakivunja atakayeulizwa ni nani, si mimi? Wewe utakuwa nyumbani unacheka na kaka yangu."

Mama Springi hakubishana. Aliomba tu sanduku lipelekwe darasani. Mbele ya wanafunzi wa kidato cha pili akainua juu bika, ile bilauri ya kioo ya maabara, akaiachia. Ikapasukia sakafuni. Mwalimu mkuu akashika kifua.

Fundi akafagia vioo mwenyewe, akatia mkono kwenye kikapu chake, akatoa bika nyingine na kuiweka mezani. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," akawaambia. "Ninazo nyingi. Nani anaanza?"

"Nilitamani ardhi ipasuke," anakumbuka mwalimu mkuu. "Kisha nikaona foleni imefika mlangoni."

Mama Springi alirudi karakana na kopo la rangi. Akafuta neno moja kwenye kila kifuniko, akaandika lingine: ITUMIKE. Mkurugenzi alinung'unika kuhusu hasara, lakini akamwachia.

Muhula huu, masanduku thelathini na moja yamerudi yakiwa na majeraha. "Sijawahi kufurahia hasara maishani mwangu mpaka leo," anakiri mkurugenzi huyo. Karakana inabaki. Tisa yaliyorudi yaking'aa, Mama Springi ameapa kuyafuata na kikapu chake.

Sanduku la wifi yake limeletwa leo na mwenyewe, ambaye bado amesimama mlangoni kama mgeni.

"Wifi, usinifokee. Ile springi yako waliivuta mpaka ikanyooka."

Ndani kuna springi nyingine, ya waya mwembamba, mizunguko yake mingine imebanana, mingine imeachana. Wasichana wa kidato cha pili waliisokota wenyewe kwenye kalamu.

"Nilitaka kuitoa tusiaibike," anasema mwalimu mkuu. "Wakanikatalia."

Mama Springi anaitundika kwenye msumari, anaipachika jiwe moja la mizani, anasubiri itulie. Anaongeza la pili. Springi inashuka mara mbili ya ilivyoshuka kwa jiwe la kwanza: inapima sawasawa. Anavua miwani na kujifuta macho bila kujificha.

Mwaka ujao anapanga kuzunguka shule zote akiwa na roli la waya na koleo za baba yake, awafundishe wanafunzi kukarabati wenyewe, hadi masanduku yasiwe na haja ya kurudi. Yeye je, atafanya kazi gani?

"Nitakunywa chai ikiwa bado ya moto," anajibu.

Anabadilisha balbu ya sanduku hilo, anaunga waya, anaitungua springi ya wasichana msumarini, anarudisha kila kitu mahali pake na kufunga komeo.

"Wifi, subiri," anasema mwalimu mkuu. "Hujaweka springi nzuri."

"Nimeweka," anajibu Mama Springi, akimkabidhi sanduku.