Mtani wa Bibi Suzana

Mwalimu Recheli alistaafu akiwa bado na nguvu zake zote, na badala ya kufuga kuku wa mayai kama wenzake, akarudi shule. Majirani wa Chemchem, mjini Tabora, walicheka mpaka wakachoka. Bibi mzima, mwenye wajukuu, kila asubuhi anabeba mkoba na kupanda bajaji kwenda chuoni kusomea historia ya misheni! Mwenyewe hakujali. Miaka yote darasani alikuwa amefundisha kwamba dini ililetwa na fulani na fulani, wanaume watupu, na kila mara alijiuliza wanawake walikuwa wapi siku hiyo.

Basi tasnifu yake ikawa juu ya usharika mdogo wa Moravian nje ya Usinge, kule alikozaliwa. Maandishi yote yalisema ulianzishwa na mwinjilisti Justus, aliyefika kwa baiskeli. Lakini watu wa kule walinong'ona kwamba Justus alikuta tayari kuna mwanamke anasalisha. Mwanamke gani? Hapo kila mmoja alikuna kichwa. Msimamizi wake, Dokta Xavery, akamwambia bila kuficha, "Mama, fununu si ushahidi. Niletee mtu aliyekuwepo, la sivyo sura hiyo tunaifuta Jumatatu."

Na sura hiyo ndiyo iliyomrudisha Recheli shuleni. Nyingine zote aliziandika ili hiyo ipate pa kukaa. Aliyekuwepo, naye, alibaki mmoja tu: mama yake mzazi, Bibi Suzana, aliyekuwa akiishi naye nyumba moja, akila ugali wake vizuri na kukataa katakata kuhojiwa.

Kosa, kusema kweli, lilikuwa la Recheli. Alifanya kama alivyofundishwa chuoni. Aliweka simu mezani irekodi, akakaa wima, akatoa sauti ya msimamizi wa mtihani: "Bibi Suzana, unaweza kueleza hali ya imani kijijini kabla ya ujio wa mwinjilisti?"

Bibi aligeuka kutazama nyuma yake, amwone huyo Bibi Suzana anayeulizwa. "Mwanangu, una homa?"

"Mama, ni utafiti."

"Mimi nilikuwa nalima tu," akasema bibi, akaendelea kuchambua karanga. Recheli alirudi tena na soda, akarudi tena na maneno matamu. Jibu likawa lilelile, kulima tu.

Jumamosi, alipokuwa akijaribu kwa mara ya mwisho, huku machozi ya hasira yakimlenga, akaingia Shomari, dereva wa bajaji, na gunia la mkaa begani. Shomari ni Mzaramo wa Kisarawe aliyeoa Tabora akanogewa. Na Mzaramo kwa Mnyamwezi ni mtani, tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Anaweza kukutukana hata msibani, na wewe ukacheka.

"Mwalimu, unamsumbua bure," akasema, akijitupa kwenye mkeka wa bibi bila kukaribishwa. "Hawa Wanyamwezi wana historia gani? Kila kitu waliletewa. Nguo waliletewa, maembe waliletewa. Hata hiyo dini, walikaa tu wanakodoa macho njiani wakingoja baiskeli!"

Ungo ukawekwa chini kwa kishindo.

"Nani aliletewa?" Bibi akafoka. "Mtumwa wangu wewe, nani aliletewa?"

Recheli alifungua mdomo amkemee Shomari, kisha akaufunga haraka. Akamkonyeza aendelee.

"Nyie! Bila Justus mngeimba nini?"

"Justus!" Bibi alicheka kwa dharau. "Justus alikuta tunaimba! Tukienda porini kuokota uyoga nawafundisha wenzangu nyimbo za kanisani nilizozijua tangu usichana wangu hapa Tabora. Jumapili tunakusanyika uwanjani pa kupuria mtama, nasalisha. Mimi, Suzana, na tumbo hili hapa limebeba huyo mwalimu wako! Justus kateremka kwenye baiskeli yake, anataka kutufundisha wimbo. Tukaumaliza beti zote, tukaanza mwingine. Ikabidi akae chini kama wewe ulivyokaa!"

Shomari alipiga makofi. Recheli hakuweza. Alishika mdomo kwa mikono miwili, akalia na kucheka pamoja, maana hakuwahi kufurahi hivyo, wala kuona aibu hivyo kwa kutomjua mama yake.

Bibi akakumbuka kwamba binti yake yupo. Akainamisha macho, akauvuta tena ungo. "Wewe hukusikia. Nilikuwa naongea na mtani."

"Mama, kwa nini hukuniambia miaka yote hii?"

"Mzazi atajisifuje mbele ya mwanawe? Kwa mtani ni ruksa, hakuna anayenidhania nina majivuno."

"Basi niruhusu niandike."

"Usimruhusu, bibi," akadakia Shomari. "Watu wa pwani tutaaibika."

"Andika!" akasema bibi papo hapo. "Na uweke kwamba upo wimbo mmoja Justus hakuujua mpaka anakufa."

Akafumba macho, akauimba kwa Kinyamwezi, polepole, sauti ikikwaruza. Kufika mstari wa pili, Recheli alijikuta anaitikia. Aliujua wote. Ndio aliobembelezewa nao, na yeye akawabembelezea wanawe, akidhani ni wimbo wa kulaza watoto tu.